Mstari, umbo, kivuli na rangi: zoezi la kuchora tofali, kopo na chungwa

Anayeanza kuchora hukimbilia rangi, na katika mji wa Lubumbashi, wenye udongo mwekundu, malakiti (jiwe la shaba) ya kijani na vitenge vya kila namna, hamu hiyo inaeleweka. Lakini picha nyingi huharibika kabla rangi haijafunguliwa: mwanga na giza havikupangwa. Ndiyo maana hapa rangi inakuja mwisho. Vitu ni vitatu tu: tofali la kuchoma, kopo la maziwa lenye karatasi yake (kopo linalong'aa litakuchanganya) na chungwa. Ukiviweza hivyo, unaweza kuchora nyumba, shimini (bomba la moshi) na kichwa cha mtu, maana vyote vimejengwa kwa maumbo hayo.

Vifaa

Tafuta karatasi nne za A4. Tatu zinaweza kuwa za kawaida. Ya nne, ya kupakia rangi, iwe nzito, gramu 200 au zaidi, la sivyo itajikunja ikilowa. Ongeza kreyo (penseli) ya HB na ya 4B, iliyo laini na nyeusi zaidi, kifutio, makala, na guwashi (rangi nzito ya maji) au akriliki za rangi nne: nyekundu, njano, buluu na nyeupe. Nyeusi usinunue.

Makala ya jikoni mara nyingi ni ya mti mgumu na hukwaruza karatasi. Afadhali utengeneze yako. Jaza vijiti vikavu vya mti laini, unene wa kidole kidogo, ndani ya kopo lenye kifuniko, toboa tundu moja dogo kwa msumari, kisha ulizike katika moto wa mbabula (jiko la makala). Moshi ukiisha kutoka tunduni, ondoa kopo na uliache lipoe kabisa. Ukilifungua likiwa la moto, hewa itaingia, vijiti vitawaka na utabaki na majivu.

Hatua ya 1: Panga mwanga

Weka vitu mezani karibu na dirisha moja, uzime taa. Mianga miwili huleta vivuli viwili, na macho hayajui yafuate kipi. Kopo lizibe sehemu ya tofali, chungwa likae mbele kidogo. Vitu vilivyopangwa mstarini kama vinasubiri basi havionyeshi nafasi kati yake. Ukichorea nje, fanya kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa tisa alasiri. Mwezi wa 12 saa sita mchana jua linakaribia utosini, kivuli kinajificha chini ya kitu, na kila kitu kinaonekana bapa.

Hatua ya 2: Mstari

Nyoosha mkono bila kukunja kiwiko, fumba jicho moja, pima urefu wa kopo kwa kreyo. Linganisha: urefu huo unaingia mara ngapi katika tofali? Weka alama hizo kwanza, kisha chora kwa HB, ukiishika nyuma na kusogeza bega, si vidole. Vidole hutoa vipande vifupi vifupi, na mstari unaota manyoya.

Kisha upe mstari uzito. Upande wa mwanga uwe mwembamba, hata ukatike; upande wa kivuli, na mahali kitu kinapogusa meza, uwe mnene. Mstari wa unene mmoja kuzunguka kitu chote hukibandika kwenye karatasi kama picha iliyokatwa kwa makasi.

Hatua ya 3: Umbo

Angalia nafasi tupu iliyo kati ya kopo na chungwa, uichore kana kwamba nayo ni kitu. Ikikaa sawa, vitu vyenyewe vimekaa sawa. Ni njia ya haraka ya kukamata kosa, na wengi hawaitumii.

Mdomo wa kopo ni duara lililolala: ukiutazama kwa pembeni unakuwa kama yai lililobanwa. Ncha zake mbili zina mviringo, hazichongoki. Kitako cha kopo kiko mbali zaidi na usawa wa macho yako kuliko mdomo, kwa hiyo mkunjo wake ni mkubwa zaidi. Ukinyoosha kitako kama rula, kopo litaonekana kuelea.

Hatua ya 4: Mwanga na kivuli

Hapa kaa muda mrefu kuliko kwingine kote. Pembeni mwa karatasi ya pili chora miraba mitano ya sentimeta 3. Wa kwanza uache mweupe, wa tano ujaze makala hadi uwe mweusi kabisa, kisha tafuta mitatu ya katikati, yenye kupanda kwa hatua sawa. Kwa kawaida wa nne hutoka hafifu mno. Mkono unaogopa giza.

Sasa fumba macho nusu. Vitu vidogo vitapotea, utabaki na mapande makubwa ya mwanga na giza. Lipe kila pande namba ya mraba wake, ndipo ujaze. Tofali lina pande tatu zinazoonekana, na kila upande una namba yake. Chungwa ni gumu zaidi: lina doa la mwanga, kisha rangi ya kati, kisha utepe wa giza, na karibu na ukingo wa chini mwanga mdogo unaorudi kutoka mezani. Mwanga huo wa kurudi usiuzidishe. Hata siku moja hauwi mweupe kuliko upande unaopigwa na jua. Kivuli kinachoanguka mezani ni kizito zaidi pale kinapogusa chungwa, na hulainika kadiri kinavyokwenda mbali.

Hatua ya 5: Unamu

Unamu ni hali ya uso wa kitu, ulaini au ukwaru wake. Ukwaru wa tofali usiuchore kote. Huonekana zaidi pale mwanga unapokutana na kivuli. Katikati ya giza na katikati ya mwanga mkali unapotea. Lalisha makala ubavu, uburuze bila kukandamiza.

Lubumbashi ina walimu wazuri wa jambo hili: wachoraji wa karakana iliyoanzishwa na Mfaransa Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946. Mwenze Kibwanga alijenga watu na wanyama kwa mistari mifupi iliyosongamana. Bela Sara alipaka rangi kwa ncha za vidole. Tazama picha zao na utaona kwamba unamu unaweza kubeba picha nzima bila kuiga ngozi ya kitu.

Hatua ya 6: Rangi

Chora tena kwenye karatasi nzito. Kwa rangi ya chungwa, anza na njano na uongeze nyekundu kwa ncha ya burashi, maana nyekundu humeza njano haraka. Ukitaka kivuli cha chungwa, ongeza buluu kidogo sana. Rangi zinazopingana huzimana, na kivuli kinabaki na uhai ambao nyeusi ya chupa ingeuua. Tofali ni nyekundu na njano pamoja na tone la buluu. Ikigeuka matope, umechanganya mno au maji ya kuoshea burashi ni machafu: tumia vikopo viwili, kimoja cha kuosha, kimoja cha kuchovya.

Ikikauka, ipige picha kwa simu, uondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe, kisha uiweke kando ya mchoro wa makala. Upande wa giza wa tofali ukiwa sawa na upande wake wa mwanga, rangi zilitofautiana lakini giza halikutofautiana. Rudia upande wa giza tu, ukiongeza nyekundu na buluu; wa mwanga usiuguse.