Munkoyo: namna mizizi inageuza uji kuwa sukari, hatua kwa hatua

Jambo bandugu. Banafunzi ba bioloji wananiuliza kila mara vimeng'enya ni kitu gani, zile anzimu mwalimu anaandika ubaoni, na mi naona jibu iko ku nyungu ya munkoyo, kile kinywaji cha uji wa mahindi na mizizi, kwenye parseli zetu hapa Lubumbashi.

Shika hii kwanza: unga ya mahindi imejaa wanga, na wanga ni minyororo mirefu ya glukozi, ile sukari ndogo. Mnyororo mzima hauwezi kupita kwenye damu, lazima ukatwe, na mwenye kukata ni kimeng'enya kinaitwa amilazi. Iko ku mate yako, iko pia ku mzizi wa munkoyo.

1. Nunua mizizi soko ya Kenya, ile komini ya hapa Lubumbashi, osha, ponda mpaka ikuwe nyuzi-nyuzi. Amilazi imefungwa ndani ya mzizi, bila kuponda inatoka kidogo tu.

2. Pika uji ku mbabula (jiko ya makala), uchemke muda mzuri.

3. Hapa ndipo wengi banaharibu. Epua, ngoja uji upoe mpaka kidole kinavumilia, NDIPO utie mizizi. Mwaka wa kwanza nilitia ingali inachemka juu nilikuwa na haraka ya wageni, asubuhi nikakuta uji mzito vilevile, hata utamu hakuna. Kimeng'enya ni protini, ni kama ute wa yai, ukishaiva haurudi tena kuwa maji.

4. Funika, acha ilale. Mwezi wa 6 na wa 7 baridi inapunguza kazi yake, vika nyungu blanketi.

5. Kupima: toa kijiko cha uji kabla ya kutia mizizi, kingine kila saa, tia tone la yodi ya vidonda ya farmasi. Wanga ingalipo inakuwa buluu nyeusi, ikikatwa-katwa rangi inaenda ku nyekundu ya kahawia, mwisho inabaki rangi ya yodi yenyewe. Hivyo vijiko umwage, usinywe!

Maswali ya memba

*Ya, juu ya nini tusitie mizizi ku unga mbichi?*
Punje za wanga mbichi zimekaza sana, amilazi inapata shida kuingia. Moto na maji zinazifungua. Ni vilevile na bukari (ugali), ukiitafuna muda mrefu inaanza kuwa tamu mdomoni.

*Mizizi ikikosa?*
Tumia mahindi ama mtama uliochipua, ukaushe, usage. Mbegu ikiota inatengeneza amilazi yake ili mmea mdogo ukule. Payen na Persoz, Wafaransa wawili, walitoa kimeng'enya kwenye shayiri iliyochipua mwaka 1833.

*Papa yangu ana ugonjwa wa sukari, anakunywa munkoyo juu haina sukari ya duka.*
Mama, hapo nakuomba sana umwambie. Sukari iko, imetoka ku unga, na kwa sababu imeshakatwa inafika haraka ku damu. Aulize daktari wake kipimo.

*Mbona nyuzi za mzizi haziyeyuki?*
Hizo ni selulozi, nayo ni glukozi, lakini imeunganishwa namna ingine na amilazi haiwezi kukata hapo. Ng'ombe anaishi nayo juu ya vijidudu vya tumbo lake. Wewe chuja tu kabla ya kunywa.