Geti la mbao limeshuka? Linyanyue hivi

Geti likianza kuchora nusu duara kwenye mchanga kila linapofunguliwa, wengi hukimbilia kukata mbao ya chini ili lipite. Tafadhali usifanye hivyo. Litapita kwa miezi michache, kisha litashuka tena, maana kilicholishusha bado kipo. Mimi ni seremala huku Tanga, na mageti mengi ninayoitiwa nayakuta yameshakatwa chini mara moja au mbili.

Andaa tepu, pima maji, msumeno, drili, bisibisi, gundi ya mbao, skrubu za inchi 3, bolti na nati zake, pamoja na kabari mbili tatu. Ukiwa pwani, chagua skrubu na bolti zilizopakwa zinki. Hewa ya chumvi hula chuma kitupu upesi sana.

Hatua ya 1: Jua palipolegea

Anza na nguzo: iwekee pima maji uone kama imesimama wima. Kisha shika geti upande wa komeo ulinyanyue taratibu, mwenzako akiziangalia bawaba. Zikicheza, umepata jibu. Mwisho pima fremu kona kwa kona, mara mbili, kwa kupishana. Geti la upana wa mita 1.2 na kimo cha mita 1.5 likiwa sawa, vipimo vyote viwili hutoka karibu mita 1.92. Kimoja kikizidi kingine, fremu imekwenda upande.

Hatua ya 2: Nguzo

Ichome kwa bisibisi pale inapokutana na ardhi. Bisibisi ikizama, nguzo imeoza au imeliwa na mchwa, na hapo ni kuibadilisha tu. Ikiwa nzima ila imeinama, ondoa geti, chimba kuizunguka hadi sentimita 60, inyooshe, itegemeze pande mbili, kisha mimina zege: saruji ndoo 1, mchanga 2, kokoto 4. Uso wa zege uwe na mteremko ili maji ya mvua yasituame kwenye mti. Limwagilie asubuhi na jioni, na usitundike geti kabla ya siku 7.

Hatua ya 3: Bawaba

Uzito wa geti huivuta bawaba ya juu itoke, na huikandamiza ya chini kwenye nguzo. Ndiyo maana skrubu za juu hung'oka kwanza. Ukirudisha skrubu ileile kwenye tundu lililopanuka, unapoteza muda. Chonga kijiti cha mbao ngumu, kipake gundi, kigongomee tunduni, kiache kikauke hadi kesho yake, ndipo utoboe upya kwa keekee nyembamba kuliko skrubu. Bawaba ya juu mimi huifunga kwa bolti inayopenya mbao mpaka upande wa pili.

Hatua ya 4: Mbao ya mshazari

Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu kosa hili nalikuta mtaa hadi mtaa, na linaniuma kuona mbao nzuri imetumika bure. Mbao ya mshazari inaanzia chini upande wa bawaba na kupanda hadi juu upande wa komeo. Ikikaa hivyo, uzito wa kona ya nje unashuka kupitia mbao na kutua kwenye bawaba ya chini, na mbao hubeba vizuri inapokandamizwa. Ukiigeuza, mzigo wote unaning'inia kwenye misumari, nayo itachomoka. Waya wa kukaza ndio hufungwa kinyume chake, juu upande wa bawaba hadi chini upande wa komeo, kwa kuwa waya kazi yake ni kuvuta.

Kabla ya kukata, laza geti mahali tambarare, lisukume hadi vile vipimo viwili vya kona vilingane, kisha ligongee mbao ya muda lisirudi. Sasa lalisha mbao ya mshazari juu ya fremu, chora alama, kata. Ncha zibane kabisa kwenye kona. Ikibaki nafasi ya milimita chache tu, geti litashuka kwa kiasi hichohicho kabla mbao haijaanza kubeba. Tia gundi, kaza skrubu, ondoa mbao ya muda.

Hatua ya 5: Kutundika

Weka kabari chini ya geti, acha sentimita 5 kutoka ardhini na sentimita 1 upande wa komeo, kwani mbao huvimba wakati wa masika. Funga bawaba, toa kabari, fungua na ufunge mara kadhaa. Paka rangi au vanishi, na zile ncha zilizokatwa zipake mara mbili, kwa sababu ndizo zinazonyonya maji kuliko sehemu nyingine yoyote. Kiangazi kikifika mbao husinyaa, kwa hiyo pita na spana ukaze nati zote upya.