Risasi gani ya shabaha ya mbali?
Kabla uulize gani ina nguvu, jiulize unapiga nini na umbali gani, juu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977 kwa hivyo ukiwa Nairobi na laiseni yako we ni wa shabaha tu, na hapo mimi nasema 6.5 Creedmoor. Teke lake begani ni dogo kuliko la .308, risasi nyingine ya rifle inayotumika sana, kichwa chake chembamba kirefu, upepo haukisukumi sana na mita 1,000 bado kinapita kasi ya sauti. Ukienda Tanzania kuwinda nyati na kibali, hiyo iache, beba .375 H&H, risasi nzito ya wanyama wakubwa. Na jedwali la kwenye boksi la risasi, linaloonyesha risasi inashuka kiasi gani kila umbali, usiliamini sana, Nairobi iko juu karibu mita 1,700, hewa nyepesi, risasi hushuka kidogo kuliko walivyoandika, so piga mwenyewe kila mita 100 na uandike.