Kabla ya kwenda msibani, ulizia mavazi

Ukipata taarifa ya msiba wa jirani au mfanyakazi mwenzako aliye wa dini ya Kihindu, usikimbilie suti nyeusi, kwani kwa desturi ya Wahindu wengi vazi la maombolezo ni jeupe, tena lisilo na mapambo. Kwa Waakan wa Ghana, nyeusi na nyekundu ndizo rangi za majonzi, lakini anapozikwa mzee aliyeishi miaka mingi, nyeupe iliyochanganywa na nyeusi huonekana sana, kwa sababu familia inashukuru pia kwa umri aliojaliwa. Katika misiba ya Waislamu wa pwani yetu, kinachoangaliwa zaidi ni stara kuliko rangi: mwanamke hujitanda kanga au mtandio, na kwa kuwa watu huketi jamvini kwa muda mrefu, nguo iliyobana itamtesa mvaaji na kuwatia haya walioketi naye, navyo viatu vya kuvua kwa urahisi ni bora kuliko vya kamba. Ulizia mapema kwa jirani au ndugu wa mbali, wala usimsumbue mfiwa mwenyewe.