Mafua na kikohozi: namna ya kutumia mitishamba, hatua kwa hatua

Wengi wanaonijia wakiwa na mafua huomba kitu kimoja: dawa ya kuua virusi. Huwa nawaambia mapema, ili tusidanganyane, kwamba sina. Kitunguu saumu huweza kudhoofisha vijidudu kadhaa kwenye chupa ya maabara, lakini koo la mtu si chupa. Virusi vya mafua huondolewa na kinga ya mwili wenyewe, kwa kawaida ndani ya siku 7 hadi 10, ingawa kikohozi chaweza kusalia hadi wiki 3. Kazi ya mitishamba ni kulituliza koo, kukunywesha maji ya kutosha na kukupatia usingizi. Kwa mtu anayekohoa tangu magharibi mpaka alfajiri, hiyo si kazi ndogo.

Hatua ya 1: Hesabu pumzi kabla hujabandika sufuria

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayookoa maisha. Kwa mtoto, subiri atulie, funua kifua, kisha hesabu pumzi kwa dakika 1 nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya hatari. Angalia pia kama kifua kinabonyea ndani anapovuta hewa, kama midomo imekuwa ya buluu, au kama anashindwa kunyonya. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la nyuzi 38 hasubirishwi nyumbani hata kama anaonekana mchangamfu. Mtu mzima anayehema akiwa ameketi, anayeumwa kifua au aliyechanganyikiwa, naye apelekwe hospitali mara moja.

Mjamzito, mzee, au mwenye pumu, kisukari au ugonjwa wa moyo akishikwa na homa kali ya mafua, amwone daktari mapema. Dawa za hospitali za kupambana na virusi vya influenza hufanya kazi vizuri zaidi zikianza ndani ya saa 48.

Hatua ya 2: Uliza anameza dawa gani nyingine

Niliwahi kumwandalia mzee mmoja tangawizi na kitunguu saumu kwa wingi, nikasahau kumuuliza. Kumbe alikuwa anatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, na akaanza kutoka damu kwenye fizi. Tangu siku hiyo swali hili hutangulia. Urukususu nao, ule mzizi mtamu wa kutuliza koo, ukitumiwa kwa siku nyingi, hupandisha shinikizo la damu na kushusha potasiamu mwilini. Mwenye presha auache kabisa.

Hatua ya 3: Andaa kinywaji

Chukua tangawizi mbichi ya ukubwa wa kidole gumba, ioshe, iponde. Ichemshe katika vikombe 2 vya maji kwa moto mdogo, dakika 10, sufuria ikiwa imefunikwa. Mizizi ni migumu, huhitaji kuchemka. Majani kama mchaichai au zaatari hayataki hivyo: yamwagie maji yaliyochemka, funika dakika 10, chuja. Usipofunika, mafuta yenye harufu hupaa na mvuke, nawe unabaki na maji yenye rangi tu.

Acha kipoe hadi kiwe vuguvugu, ndipo utie kijiko kidogo cha asali. Kwa kikohozi cha usiku, asali ndiyo ninayoiamini zaidi, kwani hata watafiti wameona inapunguza kikohozi cha watoto kwa kiasi. Mtoto wa zaidi ya mwaka 1 apewe nusu kijiko cha chai hadi kijiko 1 kabla ya kulala. Wa chini ya mwaka 1 asionjeshwe kabisa: asali yaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ambao sumu yao hulegeza misuli, hata ya kupumua.

Hatua ya 4: Acha kujifukiza kwa sufuria ya moto

Najua wengi wanaipenda. Lakini mvuke hauui virusi, na sufuria ikipinduka chini ya blanketi huunguza vibaya, watoto hasa. Bafu la maji ya moto latosha kulegeza makamasi. Mafuta ya mkalitusi yasimezwe kamwe. Kiasi kidogo tu chaweza kumtia mtoto degedege.

Hatua ya 5: Kinga

Hapa mitishamba haina mengi. Chanjo ya influenza, kunawa mikono, madirisha wazi na kukaa mbali na watu unapoumwa vinashinda chai yoyote niliyowahi kupika.

Hatua ya 6: Andika tarehe

Andika siku dalili zilipoanza na kila ulichokunywa. Homa ikipita siku 3, au ukipata nafuu kisha ukazidiwa ghafla, nenda kituo cha afya na karatasi hiyo, pamoja na kipande cha kila mmea uliotumia.