Tathmini ya usonji: usisubiri mpaka mtoto aseme

Mzazi anayehisi kwamba mwanawe hakui kama wenzake huambiwa jambo lilelile kila anakokwenda: mwache, atasema tu, hata baba yake alichelewa. Wanaosema hivyo wanamtakia heri, na ni kweli wapo watoto wanaochelewa kusema kisha wakasema vizuri. Lakini mtoto mwenye usonji (autism), yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na mahusiano yake na watu, hupotezewa kwa maneno hayo miaka miwili au mitatu, na hiyo ndiyo miaka ambayo ubongo wake hujifunza kwa wepesi zaidi. Daktari mzoefu anaweza kuutambua usonji kwa uhakika mtoto akiwa na miaka miwili, ilhali hata Marekani, penye wataalamu wengi, watoto wengi hutambuliwa wakikaribia miaka minne au wakiwa wameshaipita.

Kwa hiyo usianze kwa kuhesabu maneno. Tazama kwanza kama mtoto wa miezi 9 hugeuka akiitwa jina lake, kama wa miezi 12 hupunga mkono kuaga, na kama wa mwaka mmoja na nusu huonyesha kwa kidole ndege anayepita, kisha akamgeukia mama yake kuona kama naye amemwona. Kugeuka huko kwa mara ya pili ndiko ninakokutilia maanani kuliko yote, kwa sababu hapo mtoto hatafuti kupewa kitu, anatafuta mwenzake wa kutazama naye. Mtoto wa jirani yangu, akiwa na mwaka na miezi minane, alikuwa akipanga vizibo vya soda barazani kwa mstari ulionyooka, na ukiondoa kimoja alilia mpaka kirudi mahali pake. Alipotaka maji alikushika mkono akaupeleka kwenye mtungi bila kukutazama usoni. Dalili moja peke yake haithibitishi kitu, ila zikikusanyika zinatosha kukupeleka hospitali. Na mtoto aliyekuwa akisema “mama” na “maji” kisha akaacha, mpeleke wiki hiyohiyo.

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinapendekeza kila mtoto achunguzwe usonji akiwa na miezi 18 na tena akiwa na miezi 24. Kwetu Tanzania na Kenya, miezi 18 ndiyo umri wa dozi ya pili ya chanjo ya surua na rubela, maana yake siku hiyo utakuwa kliniki kwa vyovyote vile. Itumie. Foleni ikishasogea muuguzi hana nafasi tena, hivyo mwambie kabla mtoto hajawekwa kwenye mizani: “Mwanangu haitiki akiitwa na haonyeshi kitu kwa kidole, naomba achunguzwe ukuaji wake wa mawasiliano.” Omba jambo hilo liandikwe kwenye kadi pamoja na tarehe. Kwa kuwa dalili huanza kuonekana wazi katika umri huohuo wa chanjo, wazazi wengi waliamini kwamba chanjo ndiyo iliyozileta; makala ya mwaka 1998 iliyoeneza dhana hiyo ilifutwa mwaka 2010 na jarida lililoichapisha, na tafiti kubwa zilizofuata hazikuona uhusiano wowote. Mtoto achanjwe.

Kabla ya yote masikio yapimwe, kwani mtoto asiyesikia naye haitiki. Baada ya hapo omba rufaa kwa daktari bingwa wa watoto. Usitumie fedha kutafuta kipimo cha damu au picha ya kichwa itakayoonyesha usonji, maana hakipo. Mtaalamu humhoji mzazi na kumtazama mtoto akicheza. Ndiyo sababu nasisitiza uende na video fupi ulizorekodi kwa simu nyumbani, mtoto akila, akiitwa huku anacheza, na akiwa na watoto wengine, kwa kuwa katika chumba kigeni huenda akalia au akalala muda wote.

Miadi ikiwa mbali, msaada uanze nyumbani bila kungoja jina la hali yake. Chuchumaa uso wako ulingane na wake, taja kile anachokitazama yeye badala ya kile unachotaka wewe akitazame, kisha nyamaza umpe muda wa kujibu, hata kama jibu ni mguno.

Watafiti waliozungumza na wazazi na wataalamu katika pwani ya Kenya walichapisha mwaka 2015 kwamba usonji huelezwa huko kwa majini, uchawi na laana, na vilevile kwa maradhi na matatizo ya uzazi, na kwamba familia huchanganya tiba. Sioni haja ya kugombana na bibi anayetaka mjukuu asomewe dua. Shikilia tu kwamba siku ya kliniki haiahirishwi.

Aliyefikisha miaka sita au kumi bila kutambuliwa, hasa msichana mtulivu ambaye shida zake hazisumbui mtu, naye apelekwe. Daktari akikuambia “bado mdogo, rudi baadaye,” usiondoke na neno “baadaye”: omba tarehe, iwe ndani ya miezi mitatu, iandikwe kwenye kadi, na muulize ni mambo gani hasa uyaangalie mpaka siku hiyo.