Kukarabati Ndani ya Nyumba Ndogo ya Mawe Shambani

Mwenye nyumba ndogo ya mawe shambani, iwe Unguja, Pemba au Lamu, anayetaka kuifanya mahali pa kupumzikia, kwa kawaida huanza kufikiria rangi na samani. Namsihi aanze na unyevu. Kuta hizo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nazo hunyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa taratibu. Zikifunikwa kwa plasta ya saruji, maji hukosa pa kutokea, hupanda juu zaidi na kuacha chumvi inayoutafuna ukuta kwa ndani. Katika nyumba ya marehemu bibi yangu, fundi alipiga saruji ukumbi mzima, na masika ya pili hayajaisha tulikuwa tukizoa vipande vya plasta sakafuni kila asubuhi, na nyuma yake chokaa ya kale imegeuka unga.

Kazi ianze masika yakishapita, kuanzia Juni. Ziba kwanza paa linalovuja. Kisha zunguka nje: palipojaa udongo hadi ukapita usawa wa sakafu ya ndani, pachimbwe na kushushwa, la sivyo ukuta hautakauka kamwe. Ndani, bandua saruji kwa tindo na nyundo ndogo, bila pupa, kwa kuwa jiwe la matumbawe ni laini. Uache ukuta wazi kwa wiki kadhaa, na kila chumvi inapochomoza uisugue kwa brashi kavu. Usiioshe kwa maji, kwani itayeyuka na kurudi ndani.

Muda huo ugonge boriti za dari moja moja kwa mpini wa nyundo. Inayolia kama debe tupu imeliwa na mchwa na ibadilishwe, hasa ncha iliyozama ukutani, ambako ndiko uozo huanzia. Nyaya za umeme nazo zipitishwe sasa na fundi mwenye leseni, kabla ya plasta.

Chokaa ndiyo roho ya kazi yote. Iliyochomwa izimwe kwa maji mengi, huku mafundi wamevaa glavu na miwani, maana huchemka na huunguza macho. Kisha ikae imefunikwa na maji kwa mwezi au zaidi, hadi ilainike kama siagi. Changanya sehemu moja ya chokaa na tatu za mchanga uliochekechwa, usio wa pwani kwa sababu ya chumvi. Lowesha ukuta, piga tabaka la kama sentimita moja, uliache likaze kabla ya kuongeza la pili, na kwa siku kadhaa ulinyunyizie maji na kuliziba jua kwa magunia mabichi, kwani chokaa ikikauka haraka hupasuka. Wenye haraka huongeza saruji kidogo. Mimi sikubaliani nao.

Zidaka, yaani vishubaka vilivyomo ukutani, zisizibwe. Zisafishwe kingo kwa mwiko mdogo, zitafaa kwa taa na vitabu. Rangi ya mafuta isiguse kuta hizi. Paka chokaa nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano, kila mmoja ukishakauka. Ukirudisha kabati na kitanda, viache nafasi ya upana wa kiganja kutoka ukutani, hewa ipite.